Jinsi ya kuligawa neno refu la Kiingereza: viambishi na mzizi kwanza, silabi baadaye

Ukikutana na neno kama "incomprehensibility" katikati ya ukurasa, usilivamie herufi kwa herufi. Lina herufi 19, na anayezisukuma mojamoja kutoka kushoto hufika katikati akiwa amesahau alikoanzia. Msomaji mzoefu haoni herufi 19. Anaona vipande vitano ambavyo ameshakutana navyo kwenye maneno mengine: in, com, prehens, ibil na ity.

Wengi wetu tulifundishwa kuanza na silabi: piga kofi moja kwa kila silabi, kisha hesabu makofi. Zoezi hilo linafaa kwa neno ambalo sikio linalijua tayari. Kwa neno ambalo hujawahi kulisikia, makofi hayasaidii, kwa sababu hujui upige wapi. Ndiyo maana ninashikilia utaratibu mwingine: vua kwanza viambishi mpaka uone mzizi, halafu ndipo ugawe silabi, na mwisho utafute mkazo. Anayefuata mpangilio huu anapata maana, tahajia na matamshi kwa kazi moja.

Katika mifano yote hapa chini, alama ya kujumlisha inatenganisha vipande vyenye maana, kistari kinatenganisha silabi, na herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo.

Migawo miwili isiyolingana

Neno lolote linaweza kukatwa kwa njia mbili. Ya kwanza inafuata maana, na vipande vyake ni mofimu: mzizi na viambishi. Ya pili inafuata sauti, na vipande vyake ni silabi. Mzungumzaji wa Kiswahili analijua jambo hili hata kama hajawahi kulifikiria. Chukua "aliyenipigia". Kwa silabi ni a-li-ye-ni-pi-gi-a, lakini kwa mofimu ni a+li+ye+ni+pig+i+a. Mzizi "pig" umepasuliwa na silabi, na hakuna anayeona ajabu.

Kiingereza kinafanya vivyo hivyo. "Teacher" ni teach+er kwa maana, lakini mdomoni ni TEA-cher. "Cats" ina silabi moja na mofimu mbili, na "elephant" ina silabi tatu na mofimu moja. Usijaribu kulazimisha migawo hii ilingane. Ukiona haikubaliani, hujakosea; kila mmoja una kazi yake.

Hatua ya kwanza: anza kuvua mwishoni

Tazama mkia wa neno kabla ya kichwa chake. Viambishi tamati vinavyojirudia mara nyingi si vingi. Nomino hutengenezwa na -tion, -sion, -ment, -ness, -ity, -ance na -ence. Vivumishi huja na -able, -ible, -ful, -less, -ous, -al, -ive na -ic. Vitenzi hupatikana kwa -ize na -ify, mtendaji hutajwa na -er, -or au -ist, na -ly mara nyingi huleta kielezi. Kiambishi cha mwisho kabisa ndicho kinachoamua neno ni la aina gani katika sentensi, na baadaye utaona kwamba mara nyingi ndicho kinachoamua pia mkazo unakaa wapi.

Vua kimoja kimoja, na kila ukivua angalia kilichobaki. Tufanye hivyo kwa "incomprehensibility" bila haraka.

Ondoa -ity. Unabaki na "incomprehensibil", ambalo si neno. Usikate tamaa hapo: -able na -ible hugeuka kuwa -abil na -ibil zinapofuatwa na -ity, kama "able" inavyozaa "ability" na "possible" inavyozaa "possibility". Kwa hiyo ulichonacho ni "incomprehensible", kivumishi. Ondoa -ible, ubaki na "incomprehens". Hilo nalo si neno, lakini mwisho wake wa -ns unakupa fununu, maana d ya mwisho wa kitenzi mara nyingi hugeuka s mbele ya viambishi vyenye asili ya Kilatini: "respond" na "responsible", "extend" na "extensive", "expand" na "expansion". Rudisha d. Sasa ondoa in-, ambayo hapa inakanusha, na mkononi una "comprehend", kitenzi cha kawaida chenye maana ya kuelewa.

Unaweza kuishia hapo. Lakini ukisogea hatua moja zaidi, com+prehend, unakuta kitenzi cha Kilatini "prehendere", kushika. Kiko pia ndani ya "apprehend", kumkamata mtu, na ndani ya "prehensile", kivumishi cha mkia wa mnyama unaoweza kushika tawi. Ukishalijua shina hilo, maneno yote matatu yanakaa pamoja kichwani, na lile refu halitishi tena: ni hali ya jambo kutoshikika akilini.

Mishono inayobadilika

Kiambishi kinapoungana na mzizi, mahali pa kuungana mara nyingi hubadilika, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Y hugeuka i: happy, happi+ness. E isiyotamkwa hudondoka mbele ya kiambishi kinachoanza na irabu: make, mak+ing. Konsonanti moja hurudufiwa ili irabu iliyotangulia ibaki fupi: run, runn+ing. Na katika maneno ya Kilatini, mbali na d iliyokwisha kutajwa, t huweza kuwa ss: permit, permiss+ion, admit, admiss+ion. Ukivua kiambishi ukabaki na kitu kisichofanana na neno, pitia mabadiliko haya kabla ya kusema umekosea.

Hatua ya pili: kichwa cha neno

Viambishi awali ni rahisi kuonekana: un-, re-, dis-, mis-, pre-, sub-, inter-, over-, under-, trans-, counter-, anti-. Shida yake ni mbili. Baadhi hujificha, na baadhi ya maneno huvaa sura ya kiambishi ambacho hayana.

Wanaojificha kwanza, kwa sababu wakifichuka wanatatua matatizo mengi ya tahajia. Viambishi kadhaa vya Kilatini hubadilisha konsonanti yake ya mwisho ili ifanane na ile inayofuata. In- huwa im- mbele ya p, b na m ("impossible", "immature"), il- mbele ya l ("illegal"), ir- mbele ya r ("irregular"). Con- huwa com-, col-, cor-. Ad- inabadilika kuliko zote: ac-, af-, ag-, al-, ap-, ar-, as-, at-.

Tazama sasa "accommodation", neno linaloandikwa vibaya kila mahali. Vipande vyake ni ac+com+mod+ation. Ac- ni ad- iliyogeuka, kwa hiyo c ya kwanza ni ya kiambishi na ya pili ni ya com. M ya kwanza ni ya com na ya pili ni ya mod, mzizi wenye maana ya kipimo, uleule ulio ndani ya "moderate". C mbili, m mbili, na kila herufi ina mwenyewe. Hakuna haja ya kukariri.

Njia hiyo hiyo inamaliza ubishi kwenye maneno mengine. "Unnecessary" ina n mbili mwanzoni kwa sababu ni un+necessary. "Misspell" ina s mbili kwa kuwa ni mis+spell. "Disappoint" ina s moja na p mbili: dis+appoint. "Dissatisfied" ina s mbili: dis+satisfied. "Recommend" ina c moja na m mbili: re+commend. Mtu akiniuliza faida moja tu ya kujifunza vipande vya maneno, nitamjibu kwa maneno haya matano.

Halafu kuna sura za uongo. "Uncle" haina un-, "reach" haina re-, "corner" haina uhusiano wowote na "corn" wala si mtendaji. Kabla ya kukata, jiulize mambo mawili: je, kinachobaki kina maana? Na je, maana hiyo inachangia maana ya neno zima? "Corn" ina maana, lakini haichangii chochote katika "corner", basi acha neno lilivyo. Wakati mwingine kosa ni la kukata mahali pasipo penyewe. Wengi huikata "helicopter" heli na copter, kumbe asili yake ya Kigiriki ni helico+pter: mzunguko wa parafujo, na bawa. "Pter" hiyo ndiyo iliyo ndani ya "pterodactyl", na ndiyo inayoeleza kwa nini neno hilo la pili linaanza na p isiyotamkwa.

Jambo moja zaidi kuhusu viambishi: vinapangwa kwa tabaka, na mpangilio wa tabaka unaweza kubadilisha maana. "Unlockable" ina un+lock+able. Ukianza kuunganisha un na lock, unapata kitu kinachoweza kufunguliwa. Ukianza na lock na able, kisha un juu yake, unapata kitu kisichoweza kufungwa kwa kufuli. Herufi ni zilezile na maana ni mbili. Sentensi ndiyo itakayoamua.

Hatua ya tatu: silabi

Sasa neno limeshakatwa kwenye mishono yake, na kugawa silabi ni kazi ndogo zaidi. Kanuni kuu ni kwamba kila silabi ina sauti moja ya irabu. Nimesema sauti, herufi za irabu ni hesabu nyingine kabisa. "Area" ina herufi nne na silabi tatu. "Strengths" ina herufi tisa na silabi moja. Ukitaka kuhesabu silabi za neno unalolijua, weka kiganja chini ya kidevu na ulitamke polepole: kidevu hushuka kila irabu inapopita.

Kiswahili kinatamka kila irabu iliyoandikwa, kwa hiyo kwetu sisi mtego mkubwa ni irabu zinazoandikwa bila kutamkwa. E ya mwisho katika "hope" iko kimya, na inabaki kimya hata ikiwa imezikwa katikati ya neno: "safety" ni SAFE-ty, silabi mbili, na "careful" ni CARE-ful. Kujua viambishi ndiko kunakokuonyesha kwamba e hiyo ni mwisho wa "safe" wala si silabi yake yenyewe.

Kiambishi -ed kina kanuni yake. Kinaongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: WANT-ed, NEED-ed. Kwingine hakiongezi: "walked", "played" na "stopped" zote ni silabi moja moja. Vivumishi vichache kama "naked" na "wicked" havifuati hilo, vina silabi mbili. Wingi wa -es nao huongeza silabi baada ya sauti kama s, z, sh, ch na j: box-es, wash-es, judg-es.

Upande wa pili, kuna silabi zisizo na irabu ya kuonekana. "Rhythm" ina silabi mbili, na ya pili imebebwa na m peke yake, kama m inavyosimama yenyewe katika m-tu. Ndivyo ilivyo pia mwisho wa -ism, ambao ni silabi mbili, na -le ya "ta-ble".

Konsonanti zilizo kati ya irabu mbili zinakwenda wapi? Zikiwa mbili, kwa kawaida zigawe: "napkin" ni nap-kin. Zikiwa tatu au zaidi, jiulize ni fungu gani linaweza kuanzisha neno la Kiingereza. "Monster" ni mon-ster kwa sababu maneno mengi huanza na st. "Pumpkin" ni pump-kin, kwa sababu hakuna neno la Kiingereza linaloanza na pk. Swali hilo hilo linaeleza "secret" kuwa se-cret ingawa lina konsonanti mbili tu.

Konsonanti ikiwa moja, jaribu kwanza kuipeleka mbele na kuacha silabi wazi yenye irabu ndefu: mu-sic, pa-per, ro-bot. Ikiwa neno linalotoka hulitambui, irudishe nyuma na uifupishe irabu: lem-on, cab-in, riv-er. Maandishi pekee hayakuambii ni ipi sahihi. Hata neno moja linaweza kwenda kotekote: "record" ikiwa nomino ni REC-ord, ikiwa kitenzi ni re-CORD, "present" vivyo hivyo, PRES-ent na pre-SENT.

Herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama sh, ch, th na ph, hazitenganishwi, isipokuwa mshono wa maana upite katikati yake. Hapa ndipo utaratibu wa kuanza na vipande unapolipa. "Mishap" ni mis+hap, haina sauti ya sh kabisa. "Uphill" ni up+hill. "Shepherd" imetokana na mchunga kondoo, sheep+herd, ndiyo maana ph yake haitamkwi f. Irabu nazo ni hivyo: ea katika "reach" ni sauti moja, lakini "react" ni re+act, silabi mbili, oo katika "cool" ni moja, lakini "cooperate" ni co+operate, silabi nne.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ng. "Singer" ni sing+er, na kwa sababu mshono uko baada ya g, sauti ni ng' ya ng'ombe. "Finger" haina mshono, ni kipande kimoja, na sauti yake ina g kamili kama ya ngoma. Maandishi yanafanana, lakini mgawo wa maana umebadilisha matamshi, na sisi tuna bahati ya kuwa na sauti zote mbili tayari. Tahadhari ni kwa vivumishi vya kulinganisha: "longer", "stronger" na "younger" vina mshono lakini vinatamkwa kama "finger".

Hatua ya nne: mkazo

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza unahamahama, lakini kiambishi tamati mara nyingi huupangia makao. Neno likiishia na -tion, -sion au -cian, mkazo uko silabi iliyo kabla yake: in-for-MA-tion, mu-SI-cian. Likiishia na -ic, vivyo hivyo: ec-o-NOM-ic. Likiishia na -ity, -logy, -graphy, -cracy au -ical, hesabu ya tatu kutoka mwisho: a-BIL-i-ty, bi-OL-o-gy, po-LIT-i-cal. Viambishi kama -ness, -ful, -less, -ly na -ing havigusi mkazo wa neno la asili.

Tamka kwa mfuatano PHO-to-graph, pho-TOG-ra-phy, pho-to-GRAPH-ic, na utasikia jinsi silabi inavyofifia mkazo unapoihama. Irabu isiyo na mkazo huwa hafifu kiasi kwamba a, e na o zinakaribia kufanana, na ndiyo sababu kuisikiliza tu hakutoshi kujua inaandikwaje. Wapo wakaidi pia: AR-a-bic, POL-i-tics na CATH-o-lic hawafuati kanuni ya -ic.

Sasa unaweza kulitamka neno letu la kwanza: in-com-pre-hen-si-BIL-i-ty, silabi nane, mkazo mkuu wa tatu kutoka mwisho.

Kamusi na mwisho wa mstari

Thibitisha kwenye kamusi, lakini jua unasoma nini. Nukta zilizo ndani ya neno lenyewe, katika kamusi nyingi za Kimarekani, zinaonyesha mahali neno linapoweza kukatwa mwishoni mwa mstari. Silabi za matamshi zitafute kwenye maandishi ya kifonetiki, yaani yale yanayoonyesha jinsi neno linavyotamkwa, ambako alama ndogo ya juu hutangulia silabi yenye mkazo. Migawo hiyo miwili hutofautiana kidogo, kwa sababu wachapaji hawapendi kuacha herufi moja peke yake. Isitoshe, Wamarekani huelekea kukata kwa kufuata matamshi, knowl-edge, wakati desturi ya Uingereza imezoea kuheshimu vipande vya maana, know-ledge. Neno la silabi moja halikatwi kamwe, hata liwe refu kiasi gani.

Jipime

Funika mistari inayofuata, gawa mwenyewe, kisha linganisha.

"Unquestionably": un+question+abl+y, ambapo -able na -ly zimebanana, un-QUES-tion-a-bly.

"Misrepresentation": mis+re+present+ation, mis-rep-re-sen-TA-tion. Angalia kwamba re- imepoteza mpaka wake mdomoni na kuwa rep.

"Internationalization": inter+nation+al+iz+ation, in-ter-na-tion-al-i-ZA-tion. Watengenezaji wa programu huiandika i18n, kwa kuwa kati ya i na n kuna herufi 18.

"Gastroenterology": gastro+entero+logy, tumbo, utumbo na taaluma, gas-tro-en-ter-OL-o-gy. Mkazo umeangukia o inayounganisha vipande viwili, na umeivuta l ya -logy ijiunge nayo.

"Counterrevolutionary": counter+revolution+ary, kwa hiyo r mbili, coun-ter-rev-o-LU-tion-ar-y.

"Antidisestablishmentarianism": anti+dis+establish+ment+arian+ism, msimamo wa kupinga kanisa la taifa kuondolewa hadhi yake rasmi, mjadala mkali wa Uingereza ya karne ya 19. Kanisa la Ireland liliondolewa hadhi hiyo mwaka 1871, na la Wales mwaka 1920. Silabi ni 12, ukikumbuka kwamba -ism ni mbili: an-ti-dis-es-tab-lish-men-TAR-i-an-is-m. T ya -ment imehamia silabi ya -arian na kubeba mkazo mkuu.